Tiara ya Mita Tisa

2 Juni

Kwako Kitinda wangu,

Kama mkono wako umeshaingia ndani ya begi kabla macho hayajamaliza mstari huu, utoe. Nakujua. Kaa chini usome kwanza, tiara haina miguu, haitakukimbia.

Hiyo hapo ni ya mita tisa za mraba. Si ya kubandika kiraka wala kubadilisha bomba la hewa lililopasuka, kazi ambayo nimeifanya miaka yote hii mpaka watu wakadhani ndiyo mwisho wa akili yangu. Hiyo nimeichora mwenyewe kwenye karatasi za kaki, nikaikata mwenyewe, nikaishona mwenyewe kuanzia bomba la mbele mpaka ukingo wa nyuma. Msaidizi wangu Pini (bado hawezi kuongea bila pini mdomoni, jina limemganda) alishika kitambaa kisiteleze, basi. Mkasi hakuugusa. Meza ya kukatia haikutosha, tukaung'oa mlango wa chumba chako tukauunga mwishoni. Ukija likizo utalala bila mlango, utazoea.

Mwenye hiyo shule unayofundisha, ya kuteleza majini kwa kuvutwa na tiara, ameniambia hivi: wewe ukiipitisha hii ya tisa, atataka na ya saba na ya kumi na mbili, seti nzima kwa ajili ya wanafunzi wake, na kila moja itakuwa na alama ya karakana yangu. Nilimjibu "sawa" kama mtu aliyezoea kuambiwa hivyo kila siku. Alipoondoka nikakaa kwenye gunia la mabaki ya vitambaa.

Kwa sababu nakuambia ukweli, roho yangu iko juu juu. Siku hizi kuna wakati nakata kitambaa halafu naogopa kukipima tena, nisije nikakuta nimekosea. Sijamwambia mtu, hata dada yako. Nimejiapia moyoni: hii ikipaa vizuri, nitakuwepo kazini mpaka mikono ichoke yenyewe. Ikikataa, mkasi nampa Pini, mimi narudi kwenye mapazia. Pazia likishonwa vibaya halimzamishi mtu.

Kwa hiyo ipime kama kazi ya mtu baki. Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Nimeikatia mwili wako kama kawaida yetu. Kilo zako sabini na sita zipo pale ukutani kwa chaki tangu ulipoondoka, na hesabu ni ileile, kilo mara mbili na kidogo, gawa kwa upepo. Kipima upepo kikisoma kumi na nane, hiyo tisa inatakiwa ikuvute kwa adabu. Isikukokote, wala isikuache umekaa majini kama kapu.

Ripoti iandikwe, iwekwe ndani ya begi, ipande basi. Simu sitaki. Kwenye simu wewe ni "safi Mama, safi kabisa", halafu mshono unafumuka katikati ya ziwa.

Unakula?

Mama

*

9 Juni

Shikamoo Mama,

Nimeisoma barua kwanza. Mkono ulikuwa ndani ya begi, lakini nimeisoma.

Mama, ni nzuri. Nilipoitandaza mchangani wanafunzi waliacha wanachofanya wakaja kuishika mishono. Mwenye shule aliizunguka mara mbili bila kusema kitu, na wewe unamjua yule, asiposema kitu ujue amependa. Ilijaa upepo bila kona hata moja kukunjamana. Hewani imetulia, haipepesuki, ikianguka majini inainuka yenyewe ukivuta kamba moja tu. Hapo sina la kuongeza.

Ila uliniambia nisikupake mafuta. Inavuta sana. Nilisubiri mpaka kipima upepo kisome kumi na nane kama ulivyosema. Nilipoingia majini ikanibeba juujuu, ubao ukanitoka miguuni, nikalegeza mpini wa kamba mpaka mwisho na bado inanikokota. Nilitoka nje nikiwa nimekunywa nusu ya ziwa. Ilikuwa kama nimefunga ya kumi na mbili. Nilijaribu tena siku iliyofuata, upepo uleule, ikawa vilevile.

Labda ni upepo wa huku, una vishindo. Labda ni mimi sijaizoea. Nairudisha ndani ya begi hili uiangalie, lakini usiifumue bado, Mama.

Nakula vizuri sana. Hilo niamini, waulize hata hapa jikoni.

Mwanao,
Kitinda

*

14 Juni

Kitinda,

Nimeshaifumua.

Ningekaaje nimekunja mikono wakati nimeambiwa tisa yangu inavuta kama kumi na mbili? Nimeirudisha mezani, nimeipima kipande kwa kipande juu ya karatasi zake. Pini anasoma namba, mimi nashika futi. Kila kipande kiko sawa. Basi nikasema kosa litakuwa kwenye mkunjo, nimeipa tumbo kubwa mno, inakamata upepo mwingi. Nimekata karatasi mpya, tumbo dogo zaidi, nimeshona nyingine kuanzia mwanzo. Ndiyo hiyo uliyoletewa. Ile ya kwanza nimeiunga tena, nimeikunja, ipo juu ya kabati inaniangalia.

Kuna kitu nataka unifanyie, na ukifanye vizuri. Unayo bado ile tiara ya bluu ya tisa, ya dukani, uliyojifunzia? Siku utakayoijaribu hii mpya, irushe na ile ya bluu, upepo uleule, saa hiyohiyo, halafu niambie ipi inavuta zaidi. Ile tunaijua, haijawahi kukusumbua. Hapo ndipo nitajua mkono wangu umeteleza wapi.

Na usiniletee habari za upepo una vishindo. Wewe umekaa kwenye upepo huo kuliko ndege wa hapo.

Umesema unakula, nimefurahi. Umesema kabla sijakuuliza mara ya pili, hilo ndilo limenishangaza kidogo.

Mama

*

20 Juni

Dada,

Sijui barua hii itakukuta wapi, nimeituma kwenye ofisi ya malori waikuwekee. Ukiisoma ukiwa umeshika usukani, egesha pembeni kwanza.

Mama ameshona tiara yake mwenyewe. Mita tisa, nzuri ajabu. Amenituma niipime, nimempelekea ripoti kwamba inavuta kupita kiasi, naye ameifumua yote akashona nyingine. Nayo inavuta kupita kiasi. Amenitaka nijaribu na ile yangu ya zamani ya bluu. Nimejaribu, Dada, wakati hakuna mtu ufukweni. Ya bluu nayo imenikokota kwa tumbo.

Si tiara. Ni mimi. Nimekwisha.

Nilienda kwenye ghala la nafaka hapa nyuma nikapanda mzani wa magunia. Sitini na moja. Nikashuka, nikavua viatu nikiwa nadhani viatu ndiyo vinaharibu, kumbe viatu vinaongeza, nikapanda tena. Yule mpakiaji akaniuliza kama nauzwa kwa jumla au rejareja. Nilicheka, halafu nikaenda kukaa nyuma ya ghala.

Na chakula nakula, hilo sikumdanganya Mama. Nakula mpaka mpishi wa shule ananiita "mchwa". Asubuhi mkate mzima na mayai, saa nne nina njaa tena, na bado suruali zinaniporomoka. Mikono inatetemeka, nikimimina chai nusu inaenda mezani. Moyo unanienda mbio nimekaa tu. Usiku shuka linaloana kwa jasho.

Unakumbuka Baba alivyokuwa anapungua. Kila baada ya muda Mama alikuwa anachukua suruali zake kupunguza kiuno. Hakuna aliyetamka neno ugonjwa ndani ya nyumba ile. Mimi nilikuwa nafanya hesabu za shule mezani, nasikia cherehani chumba cha pili, najua Baba amepungua tena. Sasa nimwandikie Mama nini? "Tiara iko sawa, ni mwanao ndiye amepungua"? Atarudi kulekule. Bora aamini kitambaa kimemkosea.

Usimwambie. Nakuomba, Dada yangu.

Kitinda

*

27 Juni

Wewe Kitinda,

Nimeegesha. Nimeisomea chini ya lori, kivulini, utingo wangu anafikiri nimeletewa habari ya msiba.

Nakuuliza swali moja, unijibu kama mtu mzima: hospitali umeenda? Barua nzima, mbele na nyuma, sijaona neno hospitali. Nimeona mzani wa magunia. Unajitibu ghalani?

Baba alipungua kwa ugonjwa wa Baba. Wewe huujui wa kwako, umeshauchagulia jina mwenyewe na umeshajizika. Kutetemeka, jasho, kula kama mchwa, mimi si daktari, lakini hakuna lolote kati ya hayo alilokuwa nalo Baba. Baba hakuweza kumaliza hata kikombe cha uji, umesahau? Mimi ndiye niliyekuwa namlisha.

Wiki ijayo napita huko na shehena ya saruji. Utakaa kiti cha mbele kwa hiari yako mpaka hospitali ya mkoa, au nikupakie nyuma kama mfuko. Chagua.

Kuhusu Mama sitamwambia, kwa sababu ni kazi yako. Lakini jua unachofanya. Unasema unamkinga, wakati unamwacha aamini mikono yake imeharibika. Mama ana nini kingine zaidi ya mikono yake? Unamtibu kichwa kwa kumvunja mguu.

Fua hizo shuka.

Dadako

*

29 Juni

Shikamoo Mama,

Hii ya pili ni laini zaidi lakini bado inanizidi. Kwenye kumi na nane siwezi kukaa nayo majini, na hata upepo ukishuka mpaka kumi na tano napambana. Mshono ni safi kama kawaida yako.

Ile ya bluu sikuweza kuirusha. Kamba zake zimekatika, nasubiri nyingine.

Pole kwa kazi, Mama. Usijisumbue sana.

Kitinda

*

6 Julai

Mwanangu,

Ripoti yako imefika. Nashukuru.

Juzi nilimwomba Pini tupime karatasi zote upya, za tiara ya kwanza na ya pili. Tulipomaliza akasema ziko sawa. Nikamwambia apime tena. Akapima, akasema ziko sawa Mama, akanigeuzia mgongo akajifanya anatafuta uzi. Nikajua ananionea huruma. Maana ningekuta nimezidisha sentimita mbili mahali fulani ningefurahi, ningesema hapa ndipo, nikarekebisha. Lakini kila kitu kiko sawa na tiara haiko sawa. Basi kosa liko mahali ambapo mimi sipaoni tena, na fundi akifika hapo hana cha kusubiri.

Kwa hiyo jana mkasi mkubwa nimempa Pini. Hakutaka kuupokea. Nimemwekea mezani nikatoka nje kuanua nguo, niliporudi alikuwa ameufunika kwa kitambaa. Mwenye shule nimemtumia ujumbe kwamba atafute fundi mwingine wa seti yake, asinisubiri. Sasa nipo kwenye cherehani dogo, nashona mapazia ya jirani wa nyumba ya kona, yana maua makubwa ya manjano, yanatisha.

Usiumie. Najua ilikuwa vigumu kwako kuniandikia yale, mtoto gani anapenda kumwambia mama yake kwamba kazi yake ni mbovu? Wengine wangenisifia, nikamuuzia mtu, nikaja kusikia amezama. Wewe hukunidanganya. Asante, mwanangu. Hilo nitalikumbuka.

Nilikuwa nimezoea tu. Asubuhi nikiamka mkono unatafuta chaki wenyewe.

Mama

*

11 Julai

Mama yangu,

Shikamoo. Kaa chini kabla hujaendelea. Kaa vizuri, na Pini akae karibu.

Nimekudanganya.

Tiara yako iko sawa. Ya kwanza ilikuwa sawa, ya pili ulinipunguzia bure. Kamba za ile ya bluu hazijakatika. Niliirusha, ikanikokota kama ya kwako, kwa sababu mimi si kilo sabini na sita tena. Nina sitini na moja. Ulikata kwa mwili nisiokuwa nao.

Sikuweza kukwambia. Nilipoona nguo zinanilegea nikakumbuka suruali za Baba na sauti ya cherehani, nikasema Mama asishone tena kwa ajili hiyo. Nilifikiri ukiamini tiara ni mbaya utakasirika siku mbili, utarekebisha, na mimi nitakuwa nimepata muda wa kunenepa. Sikujua utauweka mkasi chini. Barua yako niliisomea kwenye banda la pampu, na pale uliponishukuru kwa kutokudanganya nikashindwa kuendelea. Mama, nisamehe. Sijui niuombe vipi msamaha huu ili ukae kama ninavyotaka ukae.

Sasa sikiliza habari yenyewe. Dada alinibeba kwenye lori mpaka hospitali. Wamenitoa damu, wamenipima moyo, wamenibonyezabonyeza shingo. Si ugonjwa wa Baba. Daktari nimemuuliza mara tatu, mara ya tatu akanijibu kwa ukali. Ni tezi ya shingoni, inafanya kazi kupita kiasi, inauchoma mwili wote kama jiko lililosahaulika. Ndiyo maana nakula na sinenepi, ndiyo maana mikono inatetemeka. Kuna vidonge, nimeshaanza. Amesema itachukua miezi lakini mwili utarudi. Kuingia majini amenikataza kwa sasa mpaka moyo utulie, kusimama ufukweni ninaruhusiwa.

Ndani ya begi nimeweka mkanda wangu wa kiunoni, ule wa kufungia mpini. Umekuwa mpana, unanipanda mpaka kwapani nikivutwa. Nilitaka kuupeleka kwa fundi wa viatu hapa mjini. Halafu nikasema hapana, haya mambo ya kuficha yameshanitosha.

Uupunguze wewe, Mama.

Kitinda

*

17 Julai

Kitinda,

Nimesoma barua yako nimekaa, halafu nimeisoma nimesimama, halafu nimetoka nje nikazunguka nyumba. Pini alinifuata nyuma, nikamwambia arudi ndani.

Nimekasirika. Nataka ulijue hilo kabla ya mengine. Tiara nzima nimefumua, na nyingine nimeshona bure! Nimelala macho nikijiuliza mikono yangu imenifanya nini, kumbe mikono haina kosa, kosa ni mwanangu aliyeniona mimi ni yai. Mimi niliyemzika mume na kulea wawili na kushona usiku kucha, unaniogopea cherehani? Ungekuwa karibu ningekuchapa hata hivyo ulivyokonda. Ningetafuta mahali pa kuchapa.

Basi. Nimeshamaliza.

Mwanangu, pole. Pole sana kwa kukaa na hofu hiyo peke yako nyuma ya ghala. Dada yako ameniambia la mzani, usimgombeze, nilimbana.

Na hilo la suruali za baba yako. Ulikuwa mdogo, ulikuwa unasikia cherehani, hukuwa unaona nilichokuwa nashona. Sikiliza. Mtu akipungua, fundi ana njia mbili. Anaweza kukata kitambaa kilichozidi, suruali inakaa vizuri, nyepesi. Au anaweza kukikunja kwa ndani na kukishika kwa bandi, mshono mrefu wa kufumua kwa kidole. Inakaa vibaya, inavimba kiunoni, baba yako alikuwa analalamika. Lakini mimi sikukata. Hata mara moja sikukata. Alipoondoka, suruali zake zote zilikuwa na kitambaa chake chote ndani. Ile sauti uliyokuwa unaisikia mezani, nilikuwa nasubiri anenepe.

Hakunenepa. Lakini sijawahi kujuta kwamba nilisubiri, na sikufa kwa kusubiri. Kwa hiyo usinichagulie tena cha kujua na cha kutojua.

Mkanda wako nimeukunja hivyohivyo, pande zote mbili. Utavimba, vumilia.

Pini alipewa habari akachukua kitambaa kibichi aende kufuta sabini na sita pale ukutani aandike sitini na moja. Nilimshika mkono. Hesabu nimeipiga pembeni, kwenye karatasi: mwili ulio nao sasa, upepo wa kumi na nane, ni saba na nusu. Nimeikata jana. Ndiyo, kwa mkasi mkubwa. Pini alinirudishia kabla sijaomba, na sura yake ilikuwa kama ametua mzigo wa kuni. Mapazia ya maua anamalizia yeye.

Mwenye shule nimemwambia anisubiri. Amesema hakuwa ametafuta mtu.

Jumamosi nakuja. Usiniambie safari ni ndefu. Nimeshona na kubandika viraka kwenye tiara miaka yote hii na sijawahi kuona hata moja ikiwa hewani isipokuwa kwenye picha. Nakuja na hiyo ya saba na nusu, na ile tisa ya kwanza nimeishusha juu ya kabati.

Mama

*

24 Julai

Dada yangu,

Mama ameondoka asubuhi hii na basi. Nakuandikia haraka kabla sijasahau kitu, maana najua utaniuliza yote.

Alishuka Jumamosi na mabegi mawili na kiti chake cha kukunja. Hakunisalimia. Aliweka mabegi chini, akanishika kiuno kwa mikono yote miwili, kama anavyowashika wateja, vidole gumba mbele. Akakaa hivyo, mimi nimesimama stendi na watu wanapita. Nikajua ananipima. Halafu akasema, "Haya, twende tukale."

Jumapili upepo ulikuja vizuri. Mwenye shule alikuwepo, wanafunzi wamepanga mstari. Tukajaza ile ya saba na nusu, nikajifunga mkanda, nikairusha nikiwa mchangani kama daktari alivyosema. Ikakaa juu ya kichwa changu, Dada, imetulia kabisa, inanivuta kwa kiasi changu hasa. Mwenye shule akaitikia kwa kichwa akasema seti ianze. Nikageuka kumwangalia Mama, nilidhani atakuwa anacheka. Hata hakuwa anaangalia. Alikuwa ameshafungua begi lingine.

"Na hii," akasema.

Ilikuwa ile tisa ya kwanza. Nikamwambia Mama, hii kwa sasa siiwezi, itaninyanyua. Upepo ulikuwa umefika kumi na nane, hata kipima upepo hakikuhitajika. Akasema anajua. Akasema, "Nimeikata kwa mikono yangu na mpaka leo sijui kama iko sawa au haiko sawa. Nimeambiwa kwa barua. Nataka kuona."

Unajua mwanafunzi akiwa mwepesi huwa tunasimama nyuma yake, tunashika ule mshikio wa mgongoni kwenye mkanda, tunamshikilia asiondoke na upepo. Mwalimu mwenzangu akaja kunishika. Mama akamsogeza pembeni kwa kiwiko. Akavua viatu, akavipanga kando ya kiti, akachimba visigino mchangani, akanishika yeye.

Nikairusha. Ilipofika juu ikavuta, nikahisi miguu yangu inakuwa myepesi, na nyuma yangu Mama akakaa chini kidogo, kama mtu anayevuta ndoo kisimani. Sikuondoka. Tulikuwa watu wawili kwenye mkanda mmoja, na tiara ikatulia. Nikaipeleka kushoto, ikaenda. Nikaipeleka kulia, ikaja. Nikalegeza mpini, ikatii. Iko sawa, Dada. Haina kosa hata la uzi.

Nikapiga kelele, "Unaisikia, Mama?"

Akasema, "Naisikia."

Tukakaa hivyo muda mrefu. Wanafunzi walichoka kuangalia wakaenda zao. Mikono yangu ilianza kutetemeka kwenye mpini, ile mitetemeko yangu, na najua aliihisi mpaka kwenye mkanda. Akaweka paji la uso katikati ya mgongo wangu. Nikahisi fulana inaloana pale. Nikamwambia tushuke, umechoka.

"Nani kachoka," akasema. "Usishushe. Nimekushika."

Kitinda